Alibonyeza mara tatu, akaondoka

Nilikuwa dirishani, taa ya sebuleni nimeizima nisionekane. Ndiyo, najua. Mtu mzima na ndevu zangu, nachungulia barabarani nyuma ya pazia kama wale mashangazi wa Ngamiani, kule Tanga, wanaotaka kujua nani kaingia kwa nani.

Akaja mama mmoja wa makamo, kajifunika mpaka puani, na mbwa mfupi aliyevishwa sweta. Akasimama mbele ya uzio wetu, pale nilipoweka kitufe cha kuchezesha taa za Krismasi za nyumba yetu, akasoma kibao. Nimekiandika kwa Kiingereza, na chini yake, kwa ukaidi tu, kwa Kiswahili: *Bonyeza, taa zicheze.* Akabonyeza kitufe kwa kiganja, maana glavu zake zilikuwa nene. Akangoja. Taa za mtini zikaendelea na wimbo uleule uliokuwa ukicheza, kama vile hakuna aliyefika. Akabonyeza tena. Mbwa akakaa kwenye theluji, akajuta, akasimama. Akabonyeza mara ya tatu, safari hii taratibu, kama mtu anayeogopa kuharibu kitu cha watu.

Kisha akaondoka.

Dakika moja na nusu baadaye, keshakata kona, wimbo aliouomba ukaanza. Nyumba nzima ikalipuka kwa rangi mbele ya barabara tupu.

Hakuna kilichoharibika. Kila kitu kilifanya kazi kama nilivyokipanga mwenyewe, na hilo ndilo lililonikosesha raha wiki tatu nzima.

## Kwa nini kitufe

Ninakaa nje kidogo ya jiji la Columbus, Ohio. Desemba huku jua linazama saa kumi na moja jioni na dakika chache, na baridi inakufanya umkumbuke kila mtu aliyekuaga kwa kicheko uwanja wa ndege. Watu wanapambana na giza kwa taa. Nami nikaingia mkumbo.

Mjomba alinipigia kuniuliza kama nimebadili dini. Nikamkumbusha pilau ya Krismasi tuliyokuwa tukiletewa na majirani pale Tanga, na sahani zilizorudi kwao siku ya Idi. Akacheka, akaomba atumiwe video.

Mchezo wenyewe, wa taa za nyumbani zinazocheza kwa kufuata muziki, una historia yake katika jimbo hilihili. Mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka kwangu kuna mji wa Mason. Huko, mwaka 2004, mhandisi wa umeme aitwaye Carson Williams alipamba nyumba yake kwa taa kama 16,000 zilizogawanywa katika chaneli 88, yaani makundi yanayowashwa kila moja peke yake, na muziki akaurusha kwa redio ndogo ya FM isiyofika mbali ili majirani wasipigiwe kelele. Mwaka uliofuata video yake ikaenea duniani, magari yakajaa mtaani. Desemba hiyo ya 2005 ajali ikatokea jirani, polisi wakatatizwa na foleni, na Williams akayazima maonyesho yake.

Nilipoisoma habari hiyo niliamua kwamba taa zangu hazitacheza mfululizo usiku kucha. Zitatulia na mwanga wa chini, na mpita njia akitaka, atabonyeza.

Kwa wasioujua mtambo wenyewe: ndani ya gereji, namaanisha banda la gari, kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoendesha programu ya Falcon Player, ile inayozichezesha taa. Imeunganishwa kwa waya wa mtandao na kontrola mbili, moja ya paa na moja ya mti. Nina pikseli 1,400, yaani vitaa vinavyobadili rangi kila kimoja peke yake, na kila pikseli inakula chaneli tatu: nyekundu, kijani, bluu. Chaneli hizo zinasafiri kwenye mtandao zikiwa zimefungwa katika mafungu ya 512, ambayo wenyewe wanayaita ulimwengu. Ulimwengu mmoja unatosha pikseli 170. Piga hesabu: kontrola ya paa ina tano, ya mti ina nne. Nyumba ya vyumba vitatu ina malimwengu tisa. Mke wangu anasema aliyajua malimwengu yangu kabla sijanunua hata taa moja.

Na mwisho wa yote hayo, kwenye nguzo ya uzio, kitufe kimoja. Ni kile kikubwa cha mashine za michezo, chekundu, kipenyo cha milimita 100. Nilikiweka urefu wa mita moja kutoka ardhini, mtoto wa miaka minne akifikie, na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu pia.

Nikadhani kazi imeisha.

## Jini la saa nane usiku

Wiki ya kwanza, mwisho wa Novemba, niliamshwa na rangi darini. Saa nane na dakika 17 usiku. Nje taa zinacheza kwa nguvu zote, paa linakimbiza mwanga huku na huku, na barabarani hayupo hata paka. Nikavaa koti juu ya msuli, nikatoka. Theluji ilikuwa imeanguka jioni. Mbele ya kitufe ilikuwa laini kama unga uliochekechwa, haina alama hata ya ndege.

Nikazima. Usiku uliofuata, tena. Saa tisa kasorobo.

Nikafanya kosa la kumsimulia mama kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizo taa zako zinawaka zenyewe?"

"Zinawaka zenyewe."

"Umesoma Ayatul Kursiy?"

"Nimesoma, mama. Zimewaka tena."

Akafikiri kidogo. "Basi jini la huko. Kiarabu halijui."

Usiku wa tatu nilikaa gerejini na chupa ya chai, nimejifunga blanketi, nikitazama skrini. Kimya. Kuna friza tu humo, ambamo tunaweka nusu mbuzi na mifuko ya kisamvu, maana huku ukikipata kisamvu unanunua cha miezi sita. Saa nane na nusu kompresa ya friza ikashtuka, ikaguna, ikaanza kukoroma. Na palepale, kabla sijashusha kikombe, kwenye skrini: kitufe kimebonyezwa.

Nikacheka peke yangu kwenye baridi ile.

Kosa lilikuwa langu, na ni la kizembe. Pini za kompyuta hii zinafanya kazi kwa volti 3.3. Nilikuwa nimeiunganisha pini moja na kitufe kwa waya wa mita 18, na kuitegemea rezista ya ndani (kizuia mkondo), ya kama omu 50,000, kuishikilia pini kwenye volti hizo mpaka mtu abonyeze na kuiangusha kwenye ethi, yaani sifuri. Omu 50,000 ni kushikilia mlango kwa uzi wa cherehani. Waya wa mita 18 ni antena. Na antena hiyo nilikuwa nimeilaza ubavuni mwa waya za umeme gerejini na za pikseli uani, nimezifunga pamoja vizuri kwa vibanio vya plastiki, nikijisifu kwa usafi wa kazi. Friza ikishtuka, waya unashtuka nayo, pini inaanguka kwa kufumba na kufumbua, programu inaamini kuna mgeni mlangoni.

Ningeweza kuongeza rezista ya nje na kapasita ndogo, na pengine ingetosha. Lakini nilishachoka kubahatisha. Nikatenganisha kabisa. Sasa kitufe kina mzunguko wake wa volti 12 wenye rezista ya omu 1,200, kwa hiyo ukibonyeza inapita mkondo wa kama miliampea 9, mkondo ambao kishindo cha friza hakiwezi kuuiga. Mzunguko huo hauigusi kompyuta. Unaishia kwenye kichipu cha PC817, ukubwa wa punje ya mahindi, cheusi, chenye miguu minne. Ndani yake kuna taa ndogo sana, na mbele ya taa hiyo kuna jicho. Ukibonyeza kitufe, taa inawaka gizani humo ndani, jicho linaiona, na jicho ndilo linaloiambia kompyuta. Kati ya pande mbili hizo hakuna waya.

Nilikilehemu usiku ule. Nilipomaliza nilikishika kiganjani nikakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Pikseli 1,400 nje, na zote zinangoja habari kutoka kwa taa moja ambayo hakuna atakayeiona.

Jini halikurudi. Mama bado anaamini ni dua.

## Mtoto wa koti jekundu

Shida iliyofuata ilikuwa na miguu.

Mwanzoni mwa Desemba akaja mtoto wa miaka sita hivi, baba yake kabaki kwenye gari. Akabonyeza. Wimbo wangu unaanza kwa giza la nusu sekunde, halafu mwanga mweupe wa ghafla kutoka mtini mpaka kwenye kilele cha paa. Mtoto akapiga kelele ya furaha. Akabonyeza tena. Mwanga mweupe. Tena. Mwanga mweupe. Sidhani kama alifika sekunde ya 11 hata mara moja. Mimi sehemu ninayoipenda, niliyoitengeneza siku nne, iko kwenye dakika ya pili.

Nyuma yake yakasimama magari matatu. Familia zimekaa ndani, redio zimefunguliwa, na wanachosikia ni mwanzo, mwanzo, mwanzo.

Nikaona ni suala la haki. Usiku ule nikaingia kwenye programu, nikabadilisha amri ya kitufe. Mwanzo ilikuwa inakata kinachocheza na kuanza upya. Nikachagua ile ya kupanga wimbo baada ya unaoendelea. Ni kuchagua mstari mwingine kwenye orodha, sekunde kumi za kazi. Kama foleni ya ndoo bombani: aliyetangulia ajaze, wa pili asogee. Hakuna atakayemkatia mwenzake.

Nililala nimejipongeza.

Na yule mama mwenye mbwa alikuja wiki iliyofuata, akakuta ndoo ya mtu iko bombani, na hakuna aliyemwambia kwamba yake imeshawekwa kwenye mstari.

## Hodi

Nilikwenda kusoma kumbukumbu za mfumo. Zinaandika kila mbonyezo na saa yake. Zake zilikuwepo: ya kwanza, ya pili baada ya sekunde tisa, ya tatu baada ya sekunde 14. Halafu kimya. Nikarudi nyuma siku moja, siku mbili. Sikufanya utafiti, nilikuwa nakodolea macho tu, lakini baada ya muda nikaanza kuona: miwili, halafu kimya. Mitatu, halafu kimya. Mmoja, halafu kimya.

Mitatu, halafu kimya. Mtu aliyekulia pwani hawezi kuuona mtiririko huo asiusikie kwa sauti.

Hodi. Hodi. Hodi jamani.

Kwetu ukipiga hodi mara tatu usipoitikiwa, unaondoka. Haijalishi kama umesikia sufuria uani. Huchungulii, hugongi kwa nguvu. Unaondoka, na unaondoka bila kinyongo, au ndivyo tulivyofundishwa.

Bibi yangu alikuwa na kanuni ya upande wa pili. Hodi ikipigwa, unaitika palepale. Mikono ina povu la sabuni, kanga haijakaa sawa, wali unaungua, haidhuru: "Karibu!" Mlango utafunguliwa ukifunguliwa. Anayesubiri nje akishasikia karibu, anaweza kusimama kizingitini dakika tano akipunga upepo. Asiposikia, hata dakika moja ni nyingi.

Nikamwelewa yule mtoto wa koti jekundu. Nilimwona mharibifu, kumbe alikuwa mtu pekee aliyeitikiwa kila alipobisha. Nani asingerudia? Na mimi, ili nimtendee haki mwenye gari la nyuma, nikawanyima wote lile neno moja.

Watu wa kompyuta wanalijua hili siku nyingi. Robert Miller aliandika mwaka 1968 kwamba mtu akigusa kitu anatarajia ishara ya kupokelewa ndani ya sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Miaka mingi kabla yake bibi aliitika kwa kasi hiyohiyo akiwa ameinamia beseni.

## Vituo viwili vitupu

Nikaenda kukifungua kitufe. Nyuma yake kuna swichi ndogo yenye vituo vitatu, viwili nikiwa nimevitumia. Na pembeni, vituo vingine viwili, visafi, vinang'aa, havijawahi kuguswa na waya.

Ni vya taa iliyo ndani ya kitufe.

Kitufe kilikuwa na taa tangu siku nilipokinunua. Niliiona nikiwa nakifunga mwezi Novemba, na nakumbuka kabisa nilichowaza: nina pikseli 1,400, hii ya nini?

Kuiunganisha kulichukua jioni moja: transista, rezista, na waya wa pili mpaka uzioni, huu nikiupitisha mbali na waya za umeme kama mwenye akili. Ukibonyeza, kitufe chenyewe kinawaka chini ya kiganja chako hapohapo, na kinabaki kimewaka mpaka wimbo wako uanze.

Lakini hapo ndipo nilipokwama siku nyingi zaidi kuliko kwenye jini.

Maana kuna karibu ya kweli na kuna karibu ya mdomoni. Mwaka 2004 iliripotiwa kwamba jijini New York, kati ya vitufe 3,250 hivi vya kuvukia barabara, zaidi ya 2,500 havikuwa vikifanya kazi tena. Taa za barabarani zilishakabidhiwa kompyuta, vitufe vikaachwa nguzoni, watu wakaendelea kubonyeza. Je, taa yangu ina tofauti gani na hivyo? Inamwambia mtu "nimekusikia", halafu inamwacha dakika moja na nusu kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri. Bibi naye asingemwacha mgeni kizingitini mpaka miguu ife ganzi.

Mke wangu ndiye aliyenitoa. Nilikuwa namweleza foleni, amri, sekunde, yeye anakunja nguo. Akasema, "Si ufupishe hizo nyimbo?"

Nilikasirika. Dakika ya pili, siku nne za kazi.

Kisha nikazikata. Kila wimbo sasa hauzidi sekunde 40, na ile sehemu ninayoipenda nimeifanya wimbo wake wenyewe. Kwa hiyo atakayebonyeza akachelewa kabisa, kama hakuna mwingine mbele yake kwenye mstari, atasubiri sekunde 40, na muda huo wote kitufe kimewaka mbele yake. Nikarudi dirishani nyuma ya pazia. Jioni ya kwanza alikuja baba na watoto wawili. Mkubwa akabonyeza, kitufe kikawaka, mdogo akakifunika kwa mikono yote miwili aone mwanga ukipita kwenye vidole. Walikuwa bado wanabishana zamu ya nani taa zilipowaka, na hawakuinua vichwa mpaka baba yao alipowaambia.

## Nyayo

Pazia sichungulii sana siku hizi. Krismasi imepita, mwaka umegeuka, na kamati ya mtaa inataka taa zishuke katikati ya Januari. Za paa nimeshaanza kuzishusha. Za mti nataka kuwaomba waniachie, maana Ramadhani mwaka huu inaangukia Februari na binti yangu keshachora mwezi na nyota kwenye kompyuta.

Ni yeye aliyeniuliza, wiki iliyopita, akiwa anapiga mswaki: "Baba, kitufe kinajua kwamba tumelala?"

Nikamwambia kinajua. Baada ya lile jini niliandika skripti fupi inayotazama saa kwanza. Baada ya saa nne usiku mbonyezo unaandikwa tu kwenye kumbukumbu, taa hazichezi, na kitufe hakiwaki.

"Kwa hiyo hakisemi kitu."

"Hakisemi kitu."

Akatema povu, akaenda kulala.

Jana asubuhi nilifungua kumbukumbu nikiwa nasubiri maji ya chai yachemke. Mbonyezo mmoja, saa kumi na mbili kasoro dakika 20 alfajiri. Mawazo yangu ya kwanza yakakimbilia friza. Nikavaa koti, nikatoka.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku. Kulikuwa na nyayo za mtu mzima kutoka barabarani mpaka kwenye nguzo, na pembeni yake nyayo ndogo za mbwa. Zilisimama mbele ya kitufe kwa muda kidogo, theluji ilikuwa imekanyagwa-kanyagwa. Kisha zikageuka.

Leo usiku nakaa na ile skripti. Nataka kitufe kiwake mara moja, pole pole, kizime.